Mama Padri

Siku niliyopanda lori la pamba kwenda seminari, mama yangu alibadilishiwa jina. Hakuna aliyeitisha kikao. Mwanamke mmoja wa kigango chetu alimwona akirudi peke yake kutoka barabarani, khanga imemwangukia mabegani kwa kulia, akamwambia, "Pole, Mama Padri." Basi. Jumapili iliyofuata kigango kizima kilimwita hivyo, na kufikia mavuno hata mwenye duka pale njia panda, Mwislamu wa watu, alimwita hivyo hivyo akimpimia chumvi.

Huyo padri waliyemtaja alikuwa na miaka kumi na sita na hajui hata kuvaa soksi. Lakini kwetu, upande wa Bukombe, Mungu akishaanza kusema watu hawasubiri amalize. Mtoto akichukuliwa seminari, amekuwa padri. Hayo mengine, kile Kilatini na miaka kumi na kitu ya kusoma, waliyaona ni mambo ya makaratasi. Mwanamke naye huitwa kwa mtoto wake. Mama alikuwa ameitwa kwa jina langu tangu nizaliwe, na jina lake mwenyewe la ubatizo lilisikika mara moja kwa mwaka, katekista alipokuwa anasoma orodha ya watu wa kuungama kabla ya Pasaka. Mtu akilitamka, mama mwenyewe alichelewa kuitika.

Jina hilo jipya halikuwa pambo. Baba yangu alikuwa mtu wa Nyarugusu. Alikwenda huko kuchimba dhahabu mara tatu. Mara mbili alirudi na maneno, mara ya tatu akarudi na kikohozi, na kikohozi hicho kikamzika nikiwa darasa la tatu. Ndugu zake walitaka mama arithiwe. Akakataa, akasema yeye ni Mkristo. Wakataka basi arudi kwao na kuacha shamba. Akakataa hilo pia. Wakaacha kupita nyumbani, na kwetu mjane asiyepitiwa na mashemeji ni mtu wa kusukumwa na kila mwenye mkono. Nilipochaguliwa kwenda seminari, baba mkubwa yule yule aliyekuwa mkali kuliko wote alikuja na jogoo mwekundu chini ya kwapa, akakaa mpaka jioni akicheka cheka. Na tulipohamishwa ili watu wote tukae pamoja kwenye kijiji cha ujamaa, Mama Padri alipimiwa kiwanja hatua chache kutoka kanisani, baba mkubwa mwenyewe akimbebea nguzo. Jina lile lilikuwa ua wa nyumba yake. Mimi nililijua jambo hilo vizuri, na ndiyo maana yaliyofuata yananiuma mpaka leo.

Kiburi sikukipatia seminari. Nilikwenda nacho ndani ya sanduku la bati, pamoja na sabuni na michembe ya viazi vitamu. Kule nilichofanya ni kukilisha. Nilikuwa na kichwa chepesi cha kushika masomo, na kila nilipokuja likizo nilikuta watu wameongeza heshima. Wanawake wa rika la bibi yangu walipiga magoti njiani na kuniamkia, "Shikamoo, Padri." Nami, Mungu anisamehe, niliitikia marahaba. Mwanzoni niliitikia kwa sauti ndogo. Mwaka wa pili niliitikia vizuri kabisa, na kichwa nikakiinamisha kidogo upande mmoja kama nilivyomwona askofu akifanya.

Mama naye hakuniita tena kwa jina. "Padri, maji ya kuoga tayari." "Padri, karibu chakula." Nilikula peke yangu mezani, kwenye meza iliyoazimwa kwa katekista, na yai juu ya mboga, wakati yeye amekaa jikoni na sufuria lake. Jembe alinificha. Nilipolitafuta, siyo kwa bidii sana, alisema mikono ya kushika Ekaristi haiwezi kushika mpini. Nilimwamini haraka.

Seminari yenyewe ilikuwa na mawazo tofauti kuhusu mikono yetu. Tulilima, tulifyeka, na kila mwanafunzi alikuwa na zamu yake ya kusafisha banda la nguruwe. Zamu yangu niliifanya mara mbili tu, mwaka wa kwanza. Baadaye niligundua kwamba karanga zina nguvu. Wanawake wa kigango walikuwa wakinichangia karanga za kukaanga kila nilipofunga safari, huyu konzi moja, yule konzi mbili, mpaka mfuko unajaa. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza mwenye njaa, ukimpa konzi moja, anasafisha banda na kukushukuru. Kwa hiyo miaka mitatu nguruwe wa seminari walitunzwa kwa karanga za wajane wa kwetu, na mimi nilikuwa kivulini na kitabu.

Mwaka wa nne, alasiri moja, wadogo wote walikuwa wamepelekwa kuvuna mihogo, nami nikasahau kabisa kwamba siku ile ilikuwa yangu. Nilipopita karibu na banda nilimkuta gombera, mkuu wetu wa seminari, amevaa mabuti ya mpira, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni, anazoa kinyesi kwa koleo. Alikuwa mtu mfupi, mtoto wa wafugaji wa upande wa Tinde, na kazi ile ilionekana kumkaa vizuri mikononi. Aliniona nimesimama na kitabu changu. Akaendelea mpaka akamaliza kona ile, akajinyoosha mgongo, akaniuliza, "Karanga zimekwisha?"

Kumbe alikuwa anajua muda wote. Hakunipa adhabu yoyote, na kwa ujinga wangu nikadhani yamekwisha. Tulipomaliza mitihani aliniita ofisini, akaniambia kidato cha tano sitaendelea nao.

"Padri, maksi zangu ni nzuri," nilisema.

"Nzuri sana. Mwanangu, wewe unaupenda upadri kama mtu anavyopenda koti la sherehe. Unapenda jinsi watu watakavyokutazama ukilivaa. Miaka minne nimekutazama nikitafuta kitu kingine unachokipenda ndani yake, sijakiona. Labda kipo. Nenda ukakitafute. Ukikipata, njoo tuzungumze."

Sikulia. Nilikasirika. Njia nzima, kutoka Kahama nikiwa nimekaa juu ya magunia, nilijiambia kwamba ananionea wivu kwa sababu Kilatini changu kinashinda chake. Hasira ilinifaa, kwa sababu ilinizuia nisiwaze uso wa mama. Lakini niliposhuka barabarani alikuwa hapo, na wanawake wengine sita, wakapiga magoti kwenye tope la mvua za kwanza. Mama alikuwa wa mwisho kupiga goti. Alipiga taratibu, kwa sababu ya nyonga yake, akashika ardhi kwa mkono kwanza. Nilitamani kufa pale pale. Wakaniuliza masomo yamekwendaje.

"Nasubiri barua," nilisema.

Ulikuwa uongo wa maneno mawili, na niliishi juu yake wiki tatu. Njia ya mwongo ni fupi, wazee wamesema, ila hawakusema kwamba unaweza kulishwa mayai njia nzima. Kila asubuhi niliamka nimeazimia kumwambia mama, na kila asubuhi alinitangulia na maji ya moto. Jinsi alivyoyabeba yale maji, kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kitu kanisani, nilikuwa nakosa pa kuanzia.

Na watu nao hawakunisaidia. Mvua zilipotulia ardhini, jirani mmoja alikuja na mbegu zake za mahindi kwenye ungo, akaomba nizibariki kabla hajapanda. Ningesema hapo. Badala yake niliunyoosha mkono juu ya ungo na kunung'unika Kilatini kilichonijia kwanza, nacho kilikuwa ni kitenzi cha kupenda: napenda, unapenda, anapenda, mpaka mwisho wa wakati ujao. Akazifunga mbegu zake akaenda. Kesho yake walikuja saba. Na ubaya ni kwamba mahindi yale yaliota yote, hata yaliyoangukia njiani.

Katika wiki ya tatu bikizee mmoja jirani yetu, upande wa pili wa kanisa, aliugua tumbo. Alikuwa Mkristo wa zamani sana, wa kutembea kwa miguu mpaka misheni ya Ushirombo enzi za mapadri wa Kizungu, na watu wazima wengi wa kijiji walifundishwa na yeye ishara ya msalaba. Siku ya pili hakuweza kukaa. Akawa anasema jambo moja tu, kwamba asife bila kuungama. Katekista alichukua baiskeli kwenda parokiani kumleta padri. Lakini mto ulikuwa umejaa, na alipokuwa upande wa pili hakuweza kurudi. Asubuhi ya siku ya tatu mkwe wa yule bikizee, mke wa mwanawe, alikuja kwetu na jirani mwenzake, wakasimama mlangoni na kumwambia mama kwamba mgonjwa anamtaka Padri. Huyu wa hapa.

Mama alishaanza kuweka makaa kwenye pasi kabla hawajamaliza. Akalinyoosha shati langu jeupe, la mikono mirefu.

"Mama, mimi bado," nilisema.

"Bado nini? Si umesoma vyote? Nenda ukamsikilize mtu wa Mungu apumzike."

Ningeweza kusema pale. Wanawake wawili walikuwa wananitazama, mama ananifunga kifungo cha shingoni, nami nikainua kidevu akifikie. Njiani nilijitengenezea mpango. Nitamsikiliza kidogo, nitamwambia neno zuri, nitamwambia Mungu amesikia, na padri wa kweli akija atamalizia. Niliuona mpango wa mtu mwenye busara.

Tulipofika, mkwe alinionyesha kitanda, kisha akakusanya watoto wake na kutoka nao haraka kwenda shambani, kwa sababu maungamo hayasikilizwi na watu. Nikabaki peke yangu na bikizee. Chumba kilikuwa na harufu nzito ambayo nilidhani ni ya ugonjwa. Aliponiona alijaribu kuinuka apige magoti, akashindwa, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto.

"Padri," akasema, "nina jambo. Nimelibeba tangu mama yako hajaolewa. Mapadri wa Kizungu sikuwaambia, niliona hawatalielewa. Nikasema nitangoja, Mungu atatupa wa kwetu. Nimekungoja wewe."

Akajifanyia ishara ya msalaba na kufungua mdomo.

Sijawahi kuogopa vile. Mpango wangu wote ulikwisha. Niliona kwamba huyu bikizee anakwenda kufungua sanduku lake la mwisho mbele yangu, na mimi nikitega sikio nitakuwa mwizi, tena mwizi wa mtu anayekufa.

"Bibi, usiseme," nilimwambia. "Tafadhali usiseme. Mimi si padri."

"Najua hujapakwa mafuta bado. Lakini…"

"Wala sitapakwa. Wamenirudisha. Hakuna barua yoyote ninayoisubiri."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo kwa sauti, na yalinitoka kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. Macho ya bikizee yalikuwa na ukungu, lakini alinitazama muda mrefu, na kuku akaingia, akadonoa donoa, akatoka.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Haya," akasema. Akashusha pumzi ndefu, nikaona mwili wake wote unalegea, kama mtu aliyekuwa amejikaza muda mrefu. "Kama si padri, basi niinue, mjukuu wangu. Nimelala kwenye uchafu tangu alfajiri. Niliona aibu kumwambia padri, na huyu mkwe wangu mlikuja naye akakimbia kukupisha."

Harufu ile haikuwa ya ugonjwa tu. Alikuwa amejichafua, na asubuhi yote amelala hivyo hivyo, amejifunika vizuri mpaka kidevuni, kwa ajili ya heshima yangu. Kama ningeendelea na uongo wangu angeniambia dhambi zake zote na shida yake asiniambie. Niliwaza hilo huku nimesimama na shati langu lililopigwa pasi, nikajichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Sitasimulia yote niliyofanya, maana ana heshima yake huko aliko. Nilichemsha maji. Nilimwinua, na alikuwa mwepesi mno, nilikuwa nimejiandaa kubeba mtu nikajikuta nimebeba mifupa na khanga. Alikuwa ananielekeza bila haya yoyote, shika hapa, siyo hivyo, geuza, we mtoto hujawahi kuosha mtu? Sikuwahi. Hata nguruwe sikuwahi, zaidi ya mara mbili. Alipokuwa safi, amelala kwenye mkeka mkavu, aliniambia tusali sala ya kutubu ili imshikilie mpaka padri afike. Mimi mwenye Kilatini nilikwama katikati. Yeye akanivusha, akaendelea, tukamaliza pamoja. Nililia nikiwa nimeushika mkono wake, naye akasema nisilie sana, nitamfanya adhani anakufa.

Nguo zake nikazipeleka lamboni kufua. Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu, kama kulikuwa na kitu kilichobaki. Kwetu mwanamume hafui matandiko ya mwanamke asiye mke wake, wala ya mke wake hafui, na padri ndiyo usiseme. Wanawake waliokuwa wakichota maji waliweka ndoo chini. Mmoja alikuja mbio, akapiga magoti kwenye tope na kunishika khanga mkononi.

"Nipe, Padri, utajichafua!"

"Mama, inuka," nilimwambia. "Mimi si padri na sitakuwa. Naomba mniite kwa jina langu."

Aliinuka, sawa, lakini hakubaki kunisaidia. Ndoo yake aliiacha pale pale, na nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshakaa na kupumzika. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijaja."

Alinitazama kutoka juu mpaka chini, nimelowa, shati limeingia rangi ya tope. Nilingoja anipige. Ningefurahi.

"Vua hilo shati," akasema, "utapata homa."

Hakusema neno lingine siku mbili. Jioni ile meza haikuwekwa. Nilikula jikoni, nimekaa kwenye kigoda, kwenye sufuria moja naye, na yai halikuwepo. Mtu anaweza kuona ilikuwa adhabu. Lakini ilikuwa miaka minne sijala na mama yangu, na nilipomwona anasogeza mboga upande wangu kwa kidole, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo, nilikula taratibu ili chakula kisiishe upesi.

Mto ulipungua, na padri akaja na pikipiki. Alikaa na bikizee karibu saa nzima mlango umefungwa, na alipotoka alikuwa anajifuta macho. Jambo lile alilolibeba sijalijua mpaka leo, na ninamshukuru Mungu kwamba silijui. Wala hakufa. Aliishi miaka mingine mitatu, na kila nilipopita aliniuliza kwa sauti, watu wakisikia, ninangoja nini kuoa.

Asubuhi iliyofuata baba mkubwa alifika. Hakuvua kofia. Alisimama katikati ya kiwanja, akatazama nguzo alizobeba yeye, akasema kwa sauti ya upole ambayo ilinitisha kuliko kelele, "Nimesikia. Sasa tukuiteje, shemeji?"

Mama alikuwa anafunga khanga yake kiunoni.

"Shemeji," akasema, "kuna kigoda hapo, keti. Kama hukai, kwaheri, sisi tunakwenda shambani."

Akaingia ndani, akatoka na majembe mawili. Moja akanipa mimi mbele ya shemeji yake. Baba mkubwa alisimama kidogo, kisha akaondoka, na kwa kweli alirudi mara nyingi baadaye na maneno yake kuhusu mpaka wa shamba, na mama alipambana naye miaka, sitadanganya kwamba yalikwisha siku ile.

Tulianza kulima bila kusema. Viganja vyangu vilitoka malengelenge kabla ya kumaliza mstari wa kwanza. Yeye alikuwa mbele yangu, ananisubiri bila kugeuka. Mwishowe nilishindwa kuvumilia.

"Mama, nimekuharibia jina."

Alisimama. Akaegemea mpini wa jembe, akatazama upande wa kanisa.

"Limeniuma," akasema. "Sikufichi. Jana nimepita kisimani, nikasikia mtu anasema 'Mama Padri' na wenzake wakacheka. Nilizoea kuitwa vile, ng'wanawane, mwanangu. Nilipenda. Hata nyonga ikiniuma nilipenda kupiga goti." Akakwangua tope kwenye jembe. "Na mimi kuna neno nimekuficha wewe. Tena la siku nyingi kuliko lako."

Nilidhani ni habari ya baba.

"Wewe hukubatizwa kanisani," akasema. "Ulizaliwa kabla ya siku zako, mdogo hivi, baba yako yuko Nyarugusu. Siku ya nne ukaacha kunyonya, ukaanza kuwa wa bluu mdomoni. Padri yuko mbali, katekista yuko mbali. Katekista alikuwa ametufundisha, mtoto akiwa anakufa mtu yeyote anaweza kumbatiza, hata mwanamke. Nikachota maji ya mtungini kwa kata. Mikono ilikuwa na unga, nilikuwa nasonga ugali. Nikakumwagia kichwani na kusema maneno yale. Sikukumbuka ni mara ngapi, nikamwaga mara tano, nisije nikapunguza. Ukapiga chafya. Padri alipokuja mwezi uliofuata akaniuliza nilivyofanya, nikamwonyesha. Akakupaka mafuta, lakini maji hakumwaga. Nilimwomba, padri, mwaga na wewe, yangu yalikuwa ya jikoni. Akasema hapana. Akasema imeshakuwa. Hata Baba Mtakatifu akija hapa kwa miguu yake hawezi kurudia, wala hakuna anayeweza kuifuta."

Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye udongo. Sijui nilikaa saa ngapi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unakwenda kuwa padri," akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika. "Niliona haya kwa ajili yako. Wenzako wamebatizwa kanisani na mapadri. Wewe umebatizwa na mwanamke asiyejua kusoma, mikono ina unga. Nikasema nitakunyamazia, usije ukachekwa."

Nilitaka kumwambia kitu, na ninavyopenda maneno ungedhani ningepata hata moja. Niliushika mguu wake tu, pale ulipokuwa, wenye tope, nikaweka paji la uso wangu juu yake. Aliniacha kidogo. Kisha nikahisi mkono wake umetua juu ya kichwa changu, mzito, unanuka udongo, akaniita kwa jina alilonipa siku ile ya maji.

"Inuka," akasema. "Jua linapanda, na huu mstari bado."